Akiitwa Mmoja, Tunakwenda Watatu

Jumanne, 8 Machi 1977

Nimefaulu! Mwandiko wenyewe leo ni kama wa darasa la kwanza. Nimefaulu!

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Emilian, alisoma majina wakati wa chai mbele ya wakufunzi wote. Mtihani wa kuingia Chuo Kikuu, mchepuo wa hisabati — na mimi nimo. Shani alinirukia mpaka chai ikamwagikia madaftari ya wanachuo. Shani anafundisha Kiswahili, ni mtoto wa Moshi mjini, na hajui kufurahi polepole. Mama Mektrida wa sayansikimu, mkubwa wetu sisi wakufunzi watatu wa kike wa chuo hiki cha ualimu, alinishika mashavu tu. Akasema nianze kula vizuri, hesabu za Dar hazitaki tumbo tupu.

Mimi Tabitha, binti wa fundi wa mashine kiwanda cha sukari! Baba alitoka Kasulu akaja kufuata miwa ya huko chini, hajui hata hiyo digrii inaliwa na nini. Nitamweleza.

Limebaki jambo moja. Siku hizi hakuna kwenda Chuo Kikuu kwa kufaulu peke yake. Lazima kazini wakupendekeze. Kwanza Mkuu wa Taaluma ajaze fomu kuhusu kazi yako na aweke sahihi, halafu kikao cha wafanyakazi wote kijadili mwenendo wako. Mkuu wa Taaluma ni Ndugu Thadeus. Kaniambia niende ofisini kwake keshokutwa.

Mvua inapiga bati hadi sijisikii nikiimba. Naimba hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikwenda baada ya kipindi cha mchana. Nikampa shikamoo yake, ni mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Akaitikia vizuri. Akasema nifunge mlango, mvua inaingia. Nikafunga. Mjinga mimi! — Hapana. Mvua ilikuwa inaingia kweli. Mtu akikuambia funga mlango, unafunga.

Alianza na habari za masomo yake ya ng'ambo. Akasema wasichana wengi wanakwenda Chuo Kikuu na kurudi na tumbo kabla ya shahada, na yeye kabla ya kuweka sahihi anataka ajue mimi ni wa aina gani. Huku anazunguka meza. Akasimama nyuma ya kiti changu. Mkono wake ukaja shingoni, ukaingia ndani ya kola ya blauzi. Sauti haikubadilika hata kidogo! Aliendelea kuongea kama mtu anayesoma matangazo. Jumamosi atakuwa Bomang'ombe, alisema, iko nyumba ya wageni tulivu, fomu anaweza kwenda nayo huko.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikasema, "Ndugu Thadeus, fomu yangu itasainiwa hapa ofisini."

Akacheka. Akasema bado mimi ni mtoto, nitakua.

Ndugu! Tumeambiwa wote tuitane ndugu. Huyu ni ndugu wa nani?

Nimeoga na bado nasikia vidole. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 14 Machi

Ratiba mpya imebandikwa. Anayeipanga ni yeye.

Hisabati mikondo yote, ile ya Mwalimu Ambrosi pia, naye kapewa mapumziko ambayo hakuyaomba. Gwaride la mgambo alfajiri. Shamba la mahindi la chuo. Ulezi wa bweni la wasichana. Jioni, kisomo cha watu wazima kule kijijini. Kazi hizi tulikuwa tunagawana watu sita!

Mama Mektrida alisimama mbele ya ubao wa matangazo muda mrefu. Kisha akanigeukia akauliza nimemkosea nini Mkuu wa Taaluma. Nikasema sijui. Aliniangalia kama mtu anayeangalia chungu na kujua kilichomo bila kufunua.

Haya basi. Nitaifanya yote! Nimekulia kwenye kambi ya wakata miwa, kazi haijawahi kunitisha. Atachoka yeye kunipangia kabla mimi sijachoka kufanya. Nimepiga pasi sare ya mgambo. Nimepanga vitabu. Nina nguvu ya ajabu leo, sijui imetoka wapi, labda ni hasira tu.

Jumatano, 23 Machi

Gwaride. Hisabati. Hisabati. Shamba. Bweni. Kisomo.

Kisomo peke yake ndicho kinachonipa raha. Leo bibi mmoja amesoma "kahawa" kwenye gunia ambalo amelikalia tangu darasa lianze. Akainuka, akalitazama, akalikalia tena akicheka mpaka machozi. Sisi sote tukacheka.

Ndugu Thadeus alipita dirishani kwangu asubuhi, darasa limejaa. Akauliza kwa tabasamu kama nimeshafikiria ile safari ya Bomang'ombe. Wanachuo wamedhani ni safari ya kikazi. Mmoja kanipongeza!

Nywele zinatoka kwenye kitana. Jana nimelala na viatu.

Jumapili, 27 Machi

Nilishuka nyumbani, kambini. Joto, harufu ya molasi, na Mama anafua nje. Nilimweleza nusu tu. Nikasema mkubwa wangu ananisumbua. Akauliza ananisumbua kwa kazi au kwa mambo mengine. Nikaanza kuanua nguo zilizokauka. Naye akasuuza shuka lile lile tena na tena.

Mwishoni akasema kazi ya serikali haitupwi, mwanangu, vumilia ukapate hicho chuo. Kisha, nilipokuwa nafunga kifurushi, akasema jingine: kwamba na yeye alipofika hapa akiwa kijana alibadilisha njia ya kwenda kisimani kwa ajili ya nyapara mmoja. Njia ndefu, yenye miba. Aliipita mpaka nyapara huyo alipohamishwa.

Sikulala garini kurudi. Nilikuwa naifikiria hiyo njia ya miba.

Jumamosi, 2 Aprili — Kirua, nyumbani kwa Mama Mektrida

Jana nilianguka.

Nilikuwa ubaoni, naonyesha jinsi ya kumfundisha mtoto kugawanya. Ghafla sikujua nigawanye nini kwa nini. Namba zilikuwa pale, nazitazama kama maandishi ya Kichina. Nikawaambia wanachuo nimesahau kugawanya. Wakacheka — ilikuwa tarehe mosi, wakadhani ni siku ya wajinga! Kisha chaki ikaanguka, na mimi nikaifuata.

Mama Mektrida ndiye aliyepanda nami landrova ya chuo mpaka hospitali. Daktari alipima damu, akapima moyo, akauliza nafanya kazi gani. Nilipomaliza kumhesabia, akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa hakuna, mwili umekataa tu, na kama sitapumzika utakataa zaidi. Amenipa ruhusa ya kupumzika hadi baada ya Pasaka. Mama Mektrida akasema hatanirudisha bwenini, maana bwenini ni kazini. Akanileta huku kwake kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba.

Nimelala usiku na mchana. Nilipoamka alinipa mtori wa moto, nyama imepondwa humo ndani na ndizi mpaka huioni. Nikanywa bakuli zima. Ndipo nikasema. Sijui nilianzaje. Nikasema yote, mpaka kola ya blauzi.

Hakushangaa. Alichochea makaa, akasema:

"Mimi nilidhani aliacha. Kumbe ni mimi niliyezeeka."

Ndugu Thadeus alikuja chuoni akiwa bado kijana, tayari ndiye anayependekeza majina ya kozi, naye Mama Mektrida ana mtoto wa kwanza mgongoni. Maneno yale yale. Mvua ile ile inayoingia mlangoni! Mama Mektrida alipokataa, alinyimwa kozi ya Dodoma, akanyimwa nyingine, hadi akaacha kuomba. Mumewe hakuwahi kujua. Alihofia atakwenda na panga, kisha yeye abaki na watoto na aibu.

Nililia. Kisha — ajabu — nilisikia kama mtu kafungua dirisha. Siko peke yangu! Nimekuwa nikijiuliza nilivaa nini, nilichekaje, nilikaaje. Na yeye alikuwa na mtoto mgongoni.

Jumatatu, 4 Aprili

Shani amekuja! Ameshuka kwenye basi barabarani akapanda kilima chote kwa miguu kwenye matope, na kapu la vitumbua vya mama yake. Viatu kavishika mkononi. Alisema chuoni wameambiwa mimi ni mgonjwa wa neva, na aliyesema ni Ndugu Thadeus, kwa huruma kubwa.

Tulimweleza. Alitulia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Shani hajathibitishwa kazini. Tangu mwezi wa kwanza anaitwa ofisini "kujadili" kuthibitishwa kwake. Anavaa sweta mbili akienda. Alifikiri sweta zitasaidia.

Tukakaa sote watatu jikoni, moshi unatutoa machozi mengine juu ya yale ya kwanza. Tufanye nini? Kwenda polisi — watatuuliza alama ziko wapi. Kuandika wizarani — barua inapitia kwake. Kuhama — aletwe msichana mwingine afunge mlango.

Mama Mektrida ndiye aliyesema. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. Alisema huyu bwana nguvu yake yote ni kumpata mmoja mmoja. Basi tusiwe mmoja. Akiitwa mmoja, tunakwenda watatu. Hatugombani, hatutukani. Tunakwenda tu, tunakaa.

Ni jambo dogo kiasi gani! Shani alipiga kofi meza mpaka vitumbua vikaruka. Tumekula vyote. Nimecheka leo kuliko mwezi mzima.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimerudi kazini, na tumefanya! Sijui nianzie wapi!

Saa ya chai mjumbe akaja: Mwalimu Tabitha anaitwa na Mkuu wa Taaluma. Nikamtazama Shani. Shani akamtazama Mama Mektrida. Mama Mektrida akafunika kikombe chake na sahani, akachukua sweta anayofuma, akatangulia.

Tuliingia kwa shikamoo tatu. Ndugu Thadeus alitazama mlangoni kama anayesubiri tuishe kuingia. Akasema ameniita mimi. Nikajibu ndiyo, nimekuja. Akasema ni jambo la faragha. Mama Mektrida, sindano zinaendelea kugongana, akamwambia kwa upole kabisa kwamba sisi hatuna faragha, na kama ni mvua, mlango tutauacha wazi, hatuogopi kulowa.

Akabadilika rangi. Alipekua faili. Akauliza swali moja la kipuuzi juu ya chaki! Nikamjibu chaki zipo. Tukakaa. Sindano zinagongana. Shani alisoma kalenda ya ukutani mwezi baada ya mwezi. Akatuambia tuondoke.

Tulitembea kwa heshima mpaka nyuma ya maktaba, kisha tukakaa kwenye nyasi mbichi tukishikana. Mama Mektrida — mama mzima wa kanisa — alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

Fomu yangu bado hajaisaini. Lakini leo nimemwona akiogopa. Leo nimegawanya ubaoni tarakimu nne kwa tatu, bila kutazama kitabu!

Jumanne, 19 Aprili

Kaita Shani: tumekwenda watatu. Kaita Mama Mektrida, ambaye hajamwita miaka: tumekwenda watatu. Wanachuo wa kike wameshaona. Wameanza kwenda ofisini wanne wanne, hata kuomba karatasi.

Leo tulikwenda kwa Mwalimu Emilian. Ni mtu mwema na mwoga. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akifuta miwani isiyo na vumbi. Alisema Thadeus ana watu wizarani. Alisema hana ushahidi. Kisha akasema jambo ambalo nalishika kwa mikono miwili:

"Jumatano ijayo kuna kikao cha wafanyakazi, kumjadili Tabitha. Likisemwa mle ndani, mbele ya wote, litaandikwa. Lisiposemwa, mimi sina la kupeleka popote."

Kwa hiyo ni kusema. Mbele ya wapishi, madereva, walinzi, wakufunzi wote. Mama Mektrida alitangulia kutoka nje. Njiani akasema atamweleza mumewe leo, kabla ya watu wengine kumweleza.

Jumatatu, 25 Aprili

Habari mbili.

Mume wa Mama Mektrida alimsikiliza, akachukua jembe, akaenda kulima mtaro wa kahawa ambao hauhitaji kulimwa. Akarudi giza likiingia. Akamuuliza swali moja: kwa nini alibeba peke yake muda wote huo? Panga hakugusa. Kesho atamletea maziwa chuoni mwenyewe, ili watu waone yuko upande wake.

Ya pili si nzuri. Shani hatasema. Ana mchumba, harusi ni baada ya mfungo. Shangazi zake wamesikia fununu — nani kawaambia? — na wamemkalisha kitako. Binti akisimama mbele ya wanaume mia aseme kashikwa hapa na hapa, ataolewa na nani? Alinieleza akitazama vidole vyake. Akaniomba radhi. Akasema atakaa kikaoni lakini mdomo atafunga.

Nilimwambia hanidai kitu. Ni kweli, hanidai. Mimi sina mchumba wa kupoteza, nina chuo tu — na nakitaka! Jamani, nakitaka! Nimeota maktaba yake. Nimeota nagombana na profesa juu ya hesabu, na mimi ndiye niliye sawa.

Jumatano, 27 Aprili

Naandika nikiwa nje ya ukumbi, kwenye benchi la saruji. Kikao kinaendelea ndani. Desturi ni kwamba anayejadiliwa hutoka nje. Nimekaa peke yangu, mvua imekatika, na nina daftari hili na penseli ya kuazima.

Kabla sijatoka, Mwalimu Ambrosi, ambaye ni mwenyekiti wa kikao, alimpa Ndugu Thadeus nafasi ya kwanza. Alisema kwa masikitiko. Mimi ni mwalimu mzuri, alisema, lakini nina udhaifu wa neva, sina utii, na nimeanzisha vikundi kati ya wanawake. Haoni kama Taifa lipoteze nafasi kwa mtu kama mimi. Watu waliguna. Sikujua wanaguna upande gani. Nikaambiwa nitoke.

Madirisha yako juu, maneno hayafiki, sauti tu. Kwanza ya Mwalimu Ambrosi. Kisha ya Mama Mektrida! Naijua. Haipandi haishuki, kama anafundisha kupika. Imekwenda muda mrefu. Ukumbi umekuwa kimya hivi kwamba nasikia matone yanaanguka kutoka kwenye majani ya migomba.

Amenyamaza.

Makelele sasa. Viti vinaburuzwa. Mtu anagonga meza. Sauti ya Mwalimu Emilian, nyembamba — anaomba utaratibu. Anasema — hili nimelisikia, kasema kwa nguvu — "Desturi ni moja kwa wote!"

Mlango umefunguka. Wamemtoa Ndugu Thadeus!

Yuko hapa. Amesimama hatua chache, hajui aweke wapi mikono. Mlango umefungwa nyuma yake kutoka ndani. Sijampa shikamoo. Mara ya kwanza.

Ananitazama ninavyoandika. Nitaendelea kuandika.

Amekuja karibu. Amekaa mwisho wa benchi. Ametoa fomu yangu kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nyingi, ameinyoosha juu ya goti. Ametoa na kalamu. Anasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile, kwamba ataandika sasa hivi "anapendekezwa sana", na sahihi, na muhuri anao. Yote ni mzaha uliokuzwa, anasema. Mimi niingie tu niwaambie kwamba yameisha, tumeelewana. Mwezi wa saba niko Dar es Salaam. Nani atanipa hiyo nafasi kama siyo yeye? Wale wapishi?

Naiona fomu. Naliona jina langu juu yake. Mungu wangu, nakitaka hicho chuo.

Anasema nifanye haraka.

Ndani kumetulia tena. Kuna sauti inaanza, ya juu, inatetemeka, inakatika, inaanza upya. Nimeinua kichwa. Siyo Mama Mektrida. Ni sauti ya mtu asiyejua kufurahi polepole, na asiyejua kulia polepole. Kasimama! Ni yeye, kasimama!

Ndugu Thadeus kaisikia pia. Kalamu imesimama hewani. Ananiuliza, "Je, Tabitha? Nisaini?"

Nimemjibu, "Subiri kwanza. Shani bado anaongea."